Wale wa Kwenye Kidirisha

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima kufungua maiki. Ndugu zangu wakisikia hivyo wanacheka, na mimi nawaacha wacheke, maana hawajawahi kumwona mkuu wa tawi zima akihutubia bila sauti, mdomo unachezacheza, mikono inapaa, mimi nasema maiki, bosi, maiki, naye anaendelea tu mpaka mwisho, kisha anauliza kama kuna maswali. Shirika letu la maji lina matawi kila pembe, na wakubwa waliamua kwamba hakuna tena kusafirisha watu kwa kikao cha saa moja. Vikao vyote kwenye mtandao. Basi nikakabidhiwa kundi zima, mafundi wa mabomba, wahudumu wa dirishani, wasoma mita, niwafundishe kuingia, kunyoosha mkono, na kuzima kamera kabla ya kujikuna.

Nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya sebuleni, kwa sababu ya Mama.

Sebule yetu ina pazia la buluu. Alasiri jua likilipiga, chumba chote kinageuka rangi ya maji, kuta, meza, hata mikono yangu juu ya kompyuta. Na mtandao ukiwa dhaifu, sauti za wanafunzi wangu zinavutika, zinapotea, zinarudi, kana kwamba wote wanaongea chini ya bwawa. Saa hiyo ndiyo Mama anayoamka usingizi wa mchana. Anakuja taratibu, anakaa kwenye kiti nyuma ya kamera asionekane, na amepakata furushi lake. Ndani kuna taulo, kitana na kandambili moja. Anasubiri nimalize kuongea, kwa adabu zake zote, halafu ananiambia.

"Dada, nashukuru sana kwa ukarimu wako. Sasa naomba unipeleke nyumbani."

Dada ni mimi, mwanawe wa kumzaa. Mwanzo nilikuwa nabishana naye. Mama, hapa ndipo nyumbani, mimi ndiye binti yako, hiki ni kitanda chako. Ananisikiliza, anatikisa kichwa kwa huruma kama mtu anayemsikiliza mlevi, kisha anarudia vilevile. Kumbishia mtu wa namna hiyo ni kujitafutia kichaa. Nikawa namwambia kesho, Mama, kesho tutakwenda, naye ananishukuru tena, na shukrani zake ndizo zilizokuwa zikinichoma. Mtu hamshukuru mwanawe namna ile. Anayeshukuru hivyo ni mgeni aliyechoka na wenyeji wake.

Nyumbani anakokusema nilikujua. Ni ile nyumba aliyoijenga Baba, mji wa mbali, tuliyoiuza alipofariki kwa sababu hakuna mtoto aliyebaki kule. Tulikubaliana wote, na Mama mwenyewe akasema sawa, wakati ule kichwa chake kikiwa chake.

Sasa juzijuzi aliondoka. Nilikuwa nafundisha namna ya kuonyesha skrini, nikageuka, kiti kitupu. Nilikimbia mtaa mzima na vipokea sauti shingoni. Alikutwa ng'ambo ya barabara kubwa, amekaa kwenye ngazi za duka la watu na furushi lake, anamuuliza kila anayepita njia ya kwenda nyumbani. Kaka yangu alipopata habari alinipigia simu.

"Jumamosi nakuja na fundi. Tunatia kufuli getini na mlango wa jikoni."

"Mama si mbuzi," nikamwambia.

"Na siku gari likimgonga, utaniambia nini?"

Mimi nina ulimi, kila mtu anajua, lakini siku ile ulimi ulilala. Kaka alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Kumfungia ndani mtu anayekuomba kwa heshima umpeleke kwao, sijui nani anayeweza kulala usingizi baada ya hapo.

Basi wiki hiyohiyo somo lilikuwa la picha za nyuma. Hizo picha za kuziba chumba chako, wanafunzi wangu walizipenda kupita kiasi. Fundi mabomba mmoja alikaa mbele ya theluji, na jasho linamtiririka. Mhudumu wa dirishani aliweka bustani ya maua, akawa anamezwa na maua kila akiegemea. Na kulikuwa na kijana mmoja msoma mita, mpole, aliyehamishiwa tawi la mji ule wetu wa zamani. Yeye siku zote alikaa mbele ya maktaba kubwa ya vitabu, na akigeuka sikio moja linatoweka. Nilikuwa nawafundisha namna ya kuzitoa picha hizo, maana wakubwa walishalalamika.

"Msoma Mita, anza wewe. Toa maktaba yako tukuone."

"Mwalimu, nyumba yenyewe ya kupanga," akasema, anaona haya.

"Sote tumepanga hapa duniani. Toa."

Akaitoa. Vitabu vikayeyuka, na nyuma yake nikaliona tao la sebule ya nyumba ya Baba.

Lilikuwa tao lenyewe. Baba alilijenga bila kupima kwa kamba, akaapa kwamba jicho lake linatosha, likapinda kushoto. Mama alimtania maisha yake yote, kwamba tao lake linatega sikio kusikiliza umbea wa majirani. Na pembeni dirisha, na nondo mbili zilizopanuka katikati, pale Kaka alipopenyeza kichwa utotoni kikakwama mpaka akapakwa sabuni. Rangi ya ukuta ilikuwa nyingine. Vingine vyote vilikuwa vyetu.

Wanafunzi wangu wakaanza kuulizana kama mwalimu amekatika. Mmoja akaniandikia, "Mwalimu, maiki." Hapo nilicheka, na machozi yakanitoka palepale mbele ya matawi yote.

Nikawaaga, nikamwomba Msoma Mita abaki.

"Nimekosea nini, Mwalimu?" akauliza.

Nikamweleza. Naye akageuka kulitazama tao lile, akalitazama kwa muda, kana kwamba pameingia mtu. Akasema tangu ahamie humo hulala vizuri na hakujua kwa nini. Nilimwomba kesho yake, alasiri, atembee na simu yake nyumba nzima, chumba kwa chumba, Mama aone. Akasema hilo halina shida, atafagia.

Usiku huo na asubuhi iliyofuata roho yangu ilikuwa juu. Nilijiambia kwamba Mama akiiona nyumba yake, akiingia hata kwa macho tu, kiu ile itakatika. Atajua nilimfikisha, na sitalazimika kumfungia mlango. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamvika gauni la kutokea. Nikamwambia leo ndiyo leo, Mama, tunakwenda kwenu. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akalikaza furushi.

Alasiri ikaja na ubuluu wake. Nikavuta viti viwili mbele ya kompyuta, nikamkalisha, nikakaa ubavuni kwake na mkono wangu begani mwake. Msoma Mita akatokea, amevaa shati la sare, amelipiga pasi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Karibu."

Akageuza simu, tukaingia. Sijui nilisemeje. Picha ilikuwa ikiganda kidogo kisha inateleza, tukawa tunaelea ndani ya nyumba ile kama watu waliopungukiwa na uzito. Tulipita chini ya tao. Tukaingia ukumbini, sakafu ileile nyekundu yenye ufa ninaoukumbuka kwa kidole cha mguu. Tukafika chumba cha Mama na Baba, mwanga wa kule ukiwa wa manjano kuliko wetu. Jikoni, lile sinki ambapo Mama alinisimamisha juu ya ndoo nijifunze kuosha vikombe. Uani, kisiki cha mlimao. Kila mahali Msoma Mita anatembea polepole, hasemi kitu, viatu amevua, nasikia nyayo zake tu. Nililia. Nililia bila aibu, maana sikujua kuwa na mimi nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

"Unaona, Mama? Unakumbuka?"

Mama alikuwa amekunja mikono juu ya furushi.

"Nyumba nzuri," akasema. "Pana hewa. Ya nani?"

"Yako, Mama. Aliijenga Baba. Tazama tao lake."

"Limepinda," akasema, na akaliacha hapohapo.

Niliona Jumamosi inakuja na kufuli zake, na mimi sina tena pa kumpeleka mama huyu, maana hata huko alikokulilia kila siku amefika na amekuta ni kwa watu. Nilitaka kumshukuru Msoma Mita tukate. Mama akanishika mkono, akaelekeza kidole kwenye kioo, chini kabisa, pembeni, kwenye kile kidirisha kidogo ambacho kompyuta inakuonyesha wewe mwenyewe. Mimi sikitazami tena siku hizi. Wanafunzi wangu huwaambia wakipuuze.

"Na wale pale?" akauliza.

"Wapi, Mama?"

"Pale. Yule bibi na binti yake." Akasogeza uso. Bibi wa kwenye kidirisha naye akasogeza uso. Mama akatabasamu, akapunga mkono. "Ananipungia. Ona wana adabu."

Nikamvuta karibu.

"Binti amemkumbatia mamaye. Lakini analia. Mwambie asilie." Halafu akainua furushi lake, akaniambia kwa sauti ileile ya kila siku, ila safari hii ilikuwa na matumaini. "Dada, nipeleke pale. Kwa wale. Kama wana nafasi."

"Wanayo, Mama," nikasema. "Nafasi wanayo tele."

"Ni mbali?"

"Si mbali."

Nikamshika mkono. Tulitoka kwa mlango wa jikoni, tukapita kwenye kamba ya nguo, Mama akainama chini ya shuka lililolowa lisimguse gauni. Tukapita nyuma ya tangi la maji, tukafuata ukuta, tukazunguka pembe ya nyumba. Jua lilikuwa limelegea. Alitembea wima, hatua za mtu anayejua anakokwenda, na njiani akaniuliza kama wale watu wana watoto, nikasema wana binti na mwana mmoja mbishi. Tukatokea mbele. Akasimama kwenye mkeka wa mlangoni, akajinyoosha gauni, akapangusa viatu.

"Hodi," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ndani hamna mtu wa kuitika. Nilifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nje, pamoja naye, na mwenyeji haitiki hodi akiwa nje. Angenigeukia na angejua. Mama akangoja. Akasema tena, taratibu zaidi, "Hodi wenyewe."

Na kutoka sebuleni, ikivutikavutika kidogo kwa ule mtandao wetu, ikaja sauti ya Msoma Mita. Hakuwa amekata. Nilishawafundisha kwamba hakuna anayeondoka mkutanoni kabla mwenye mkutano hajaaga, na yeye, aliyeachiwa viti viwili vitupu, alikuwa bado amesimama chini ya tao la Baba na simu mkononi.

"Karibu, Mama," akasema. "Karibu ndani, karibu sana."

Mama akaingia. Akalitazama pazia, akaitazama meza, akachagua kiti cha karibu na dirisha. Akaliweka furushi sakafuni, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya, akashusha pumzi ndefu.

"Nimechoka na njia," akaniambia. "Lakini nimefika."

Sikudanganyi kwamba iliisha. Kesho yake alasiri alikuja tena na furushi, akasimama nyuma ya kamera, akaomba apelekwe nyumbani. Nikawaambia wanafunzi wangu wapumzike kidogo, wasitoke mkutanoni, wafungue maiki wote na wasikilize. Tulipiga hodi, na sebule nzima ikaitika, mafundi mabomba, wahudumu wa dirishani, matawi yote, karibu Mama, karibu, karibu. Mama akasema hii nyumba ina watu wengi na wote wamelelewa.

Kaka alikuja Jumamosi na fundi wake na kufuli mbili. Nikamwambia aziweke chini, akae sebuleni, na akisikia hodi aitike.