Picha Zilizogeuzwa Ukutani

Siku Ziyad alipofariki, Jokha alikuwa akimpigia pasi shati la kazi. Simu ilitoka Stratford, kwenye gereji ya mabasi: mumewe alikaa kantini na chai yake, akainamisha kichwa, basi. Jokha akamaliza kola kwanza, kwa kuwa pasi ilishapata moto, ndipo akakaa chini.

Jioni ile nyumba yao ya Lewisham ilijaa watu wa kisomo cha kumwombea marehemu. Sebuleni zilitundikwa picha kubwa alizozipiga Ziyad kusini mwa Afrika, kwenye bwawa moja la hifadhi alilokuwa akilirudia kila alipopata likizo ya kutosha. Tembo wakinywa alfajiri, maji yana rangi ya chai kavu. Chui ameinama, ulimi haujagusa maji bado. Twiga wametanua miguu kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka. Ziyad alikuwa na subira. Aliweza kukaa asubuhi nzima bila kupiga hata moja, akingoja mkonga uinuke tu. Wageni wake walizitazama mpaka chai zikawapoa mikononi.

Lakini hitma haisomwi mbele ya picha za viumbe, na chumba kingine cha kuziweka hakikuwapo. Ameir, mdogo wake marehemu, akapanda kiti akazigeuza zote zikatazama ukuta. Zikabaki hivyo mpaka eda ya Jokha ilipokwisha.

Muda wote ule kilichomuumiza Jokha ni kwamba hakuwa na picha ya mumewe. Mwenye kamera siku zote alikuwa yeye. Ilikuwapo ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo hata Ziyad mwenyewe alisema anafanana na mwizi wa kuku. Jokha alikuwa ameanza kukisahau kidevu chake.

Siku ya kutoka eda, Ameir alirudi, akapanda kiti kilekile. Siham, binti wa marehemu, alikuwa ameshaiahidi maktaba ya mtaani kwamba picha za baba yake zitaonyeshwa huko. Ameir akaigeuza ya kwanza.

Tembo hawakuwamo. Picha ilikaa sana ikitazama upande wa pili, na sasa ilionyesha upande wa pili: gari la watalii lisilo na paa, na Ziyad amesimama ndani yake, kamera ameishusha kifuani, anawatabasamia tembo.

"Huyo hapo," alisema Jokha.

"Na kofia yangu ile," alisema Ameir. "Alinambia imepotea uwanja wa ndege."

"Ilimpendeza kuliko wewe, shemeji."

Siham alisogea, akauliza kwa Kiingereza wale wa nyuma ni kina nani. Nyuma ya gari palikuwa na uzio wa waya, na nje ya uzio walisimama wanawake wenye ndoo tupu. Askari wa kambi ya watalii aliwanyooshea kiganja wasubiri. Ameir akazigeuza na zilizobaki, Jokha akavaa miwani. Katika picha ya tembo, mwanamke mwenye kilemba cha kijani amebeba mtoto mgongoni. Katika ya chui, ya safari iliyofuata, mtoto amesimama, ameshika nguo ya mama yake. Katika ya twiga, ya mwaka juzi, ni msichana mwenye ndoo yake mwenyewe.

"Baba aliwaona?" Siham aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

Jokha akamtazama mumewe picha moja baada ya nyingine. Kote alikuwa amewapa mgongo.

"Baba yako akishika kamera, hata mimi hanioni."

Ameir alikuwa bado juu ya kiti. "Tuzigeuze tena zitazame ukuta, shemeji. Zikikaa muda kama uleule, tembo watarudi. Maktaba wanangoja tembo."

"Na yeye aende wapi?"

Ameir akashuka.

Picha zikaenda maktaba kama zilivyo. Watu walikuja, wakasifu mwanga, wakaisifu kofia. Mzee mmoja mstaafu, Lawrence, aliyewahi kulala kambi ileile, alisema hajaona mtu aliyelikamata vumbi la alfajiri vizuri namna ile. Ilikuwa kweli. Vumbi lilisimama hewani kama unga uliopepetwa, na kila ndoo tupu ilijaa jua.

"Hawa kina mama hatukuwaona," alisema. "Sisi tulikuwa tunatazama majini."

Siham alipiga simu kambini. Mtu wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba wanakijiji wanaruhusiwa kuteka maji wageni wakishamaliza kupiga picha. Kisha akamuuliza kama angependa kuweka nafasi, maana msimu wa tembo unaanza mwezi wa sita.

Sasa picha zimerudi sebuleni. Asubuhi Jokha humsalimia mumewe, akanywa chai yake mbele yake, na kidevu anakikumbuka. Msichana wa picha ya twiga anazidi kurefuka. Ameshampita mama yake. Ndoo yake bado tupu.