Sheria ya Mfupa wa Bwawani

Katika nchi ya Nyasindefu kila mmoja alijua kazi yake: Simba alitawala, Fisi alimsifu, Nyati walilinda, na waliobaki walipiga makofi. Bwawa peke yake ndilo lililokuwa halina mwenyewe. Lilikuwa la wote, na jambo hilo lilimkera Simba kama mwiba ukuchani.

Kiangazi kimoja Bi Mhanga, fundi wa kuchimba mashimo, alikuwa ukingoni mwa bwawa akifukua mchwa, akaibua fuvu kubwa kama kichuguu, limegeuka jiwe kwa ukale. Kwa kuwa hakuwa mwizi, akaenda kutoa taarifa. Hapo ndipo alipokosea.

Baraza likaitwa ikulu, si mbali na bwawa. Fisi, aliyepewa Uwaziri wa Mambo ya Kale asubuhi ileile, akasimama na karatasi.

"Mtukufu, mifupa hii ni urithi wa taifa. Popote itakapoonekana kwenye ardhi ya umma, hatua mia kila upande pafungwe. Asikanyage mnyama yeyote."

"Na wanangu watakunywa wapi?" akauliza Bi Mhanga.

"We mama, sisi tunazungumza historia, wewe unatuletea habari za kiu!" Fisi akamkatiza.

Ukumbi mzima ukacheka. Bi Mhanga akangoja mpaka wa mwisho akome.

"Haya. Na Mfalme naye hatakanyaga?"

Macho yote yakamgeukia Simba. Alikuwa ameshapanga na Fisi aachiwe upenyo nyuma ya matete, lakini makofi aliyapenda kuliko nyama.

"Hata mimi!" akanguruma. "Andika hivyo! Na isibadilishwe popote ila humu barazani."

Makofi yakatikisa paa. Muhuri ukagongwa.

Kesho yake Nyati wakalizunguka bwawa, na watoto wa Bi Mhanga wakaanza kulamba umande. Mama yao hakumlilia mtu. Aliingia katika shimo lake la zamani, lililopita chini ya kwato za walinzi, akaufuata uti wa mgongo wa yule mnyama, pingili baada ya pingili. Mwenye kichwa kile, alijisemea, hawezi kukosa mkia.

Siku ya nne akatokeza uani kwa Simba, vumbi hadi masikioni.

"Hodi, Mtukufu. Naleta taarifa nyingine. Mkia umeishia chini ya kiti chako. Na ikulu ni ardhi ya umma, au siyo? Ulituambia mwenyewe siku ya kuapishwa."

Simba akatoka mbio kutazama. Mfupa ulikuwa umechomoza pale shimoni, hauna ubishi. Fisi akainama, akaunusa, akakohoa.

"Mimi naona kama mzizi, Mtukufu."

Mkuu wa Nyati, aliyekuwa zamu langoni, hakujali mizizi, alijali amri. Akapuliza baragumu, kundi zima likaja likaizunguka ikulu. Simba alipotaka kurudi ndani, pembe zikamzuia.

"Samahani, Mtukufu. Hata wewe."

"Mpumbavu! Naibadilisha hiyo sheria sasa hivi!"

"Vyema, Mtukufu. Ila hubadilishwa barazani, na baraza liko ndani."

Simba akageuka kumtafuta waziri wake. Fisi alikuwa ameshahamia upande wa pili, anawasifu Nyati kwa uzuri wa pembe zao.

Bi Mhanga hakungoja ubishi uishe. Walinzi wote walikuwa wamekimbilia mkia. Huko kichwani, ukingoni mwa bwawa, hakubaki hata mmoja. Akawaita wanawe, na kila aliyemwuliza njiani anakwenda wapi, alimjibu kwa sauti ya kusikika mbali:

"Kunywa maji!"