Kufuli la Mjeda

Debora alikuwa mwanamke wa kichwa kigumu, na hilo analijua kila aliyewahi kupatana naye bei ya vitunguu pale Mikumi. Mzaliwa wa Berega, kalelewa na misheni, hasemi uongo wala hampendi mwongo. Sifa nzuri, jamani, nani atabisha? Lakini mtu wa namna hiyo akikosea ndiyo shida, maana hakuna anayethubutu kumwambia.

Marehemu mumewe, Nikolaus, alimwachia watoto, nyumba, na lori moja kuukuu la jeshi alilolinunua kwenye mnada. Walilipaka bluu, lakini kijani cha jeshi kilikuwa kikichungulia kila lilipokwaruzwa, na watu wakalibandika jina Mjeda. Halikuwa na ufunguo lori lile. Unabonyeza swichi, linaunguruma, unaondoka. Nikolaus alimwachia pia neno moja akiwa kitandani, sauti imeshakwisha: "Debora, usisikilize mdomo wa dereva. Sikiliza namba."

Namba zenyewe ni zile za kilomita kwenye dashibodi. Lita moja ya dizeli, Mjeda akiwa na mzigo, namba zinasogea tatu. Zisipofika tatu, mtu kanyonya mafuta kwenye tangi akauza njiani. Ndivyo Nikolaus alivyofanya kazi miaka yote, na Debora aliishika kanuni ile kama alivyoishika Amri Kumi.

Dereva alikuwa Evarist, mdogo wake Nikolaus, shemeji mtu. Hao wawili walikuwa na utani wa kuchosha majirani. Evarist akifika asubuhi haamkii, anaanza tu: "Mke wangu, leo umejipaka mafuta hivyo unamwendea nani?" Debora anamrushia kitunguu. Na usidhani ni mizaha mitupu. Nikolaus alipofariki, Evarist ndiye aliyeshika jembe makaburini, ndiye aliyekaa na watoto, na hakuna safari hata moja aliyoikataa.

Sasa, masika moja Mjeda alizama kwenye tope la Malolo, huko wanakochukua vitunguu, akakaa hadi mzigo ukaanza kunuka. Debora akasema hapana, mara ya mwisho. Akaenda Morogoro akatafuta tairi kubwa, kubwa kweli, zenye meno marefu, akamfunga Mjeda zote mpya. Evarist alicheka hadi akajishika mbavu. "Shemeji, Mjeda kavaa buti!" Na tope likawa si kitu tena.

Lakini baada ya safari mbili tatu akaja na sura nyingine. "Shemeji, gari limekuwa zito. Vilima nilivyokuwa napanda bila taabu, sasa mpaka nirudi gia ya chini. Hizi tairi zinakunywa."

Debora akapanda ndani ya lori, akatazama namba. Hazikuwa tatu. Zilikuwa mbili, na safari nyingine hata mbili hazikufika.

Alitaka kuamini ni bahati mbaya. Safari iliyofuata akapima tena, ikawa vilevile, na iliyofuata vilevile. Roho ilimuuma, tusimwonee. Angekuwa dereva wa kuokota barabarani angemfukuza papo hapo akalale usingizi wake. Huyu alikuwa Evarist, sauti ya Nikolaus iliyobaki duniani. Kadiri alivyompenda ndivyo hasira ilivyozidi kumchemka.

Ikamwagika siku moja Malolo, mbele ya wapakiaji na wanawake wanaochambua vitunguu. Evarist alikuja kuomba dizeli ya kuongeza. Debora akageuka.

"Ya kwenda kunyonya wapi? Nakuuliza, Evarist! Mnyonyaji mkubwa wee!"

Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho kilifika Mikumi kabla ya lori. Mkewe Evarist, Gaudiosa, aliambiwa bombani, ndoo ikiwa bado haijajaa: "Shoga, kumbe wewe ni mke wa mnyonyaji?" Jumapili wazee wa kanisa walimwita Evarist pembeni, wakamwambia kwa upole apumzike kidogo kuhesabu sadaka, mpaka mambo yatulie. Kazi hiyo aliifanya tangu akiwa kijana asiye na ndevu.

Hakuacha lori. Kesho yake alikuja kama kawaida, ila hakusogea mpaka mlangoni. Alisimama uani, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, bosi."

Loo! Tangu lini shemeji akamwamkia shemeji yake shikamoo, tena wamelingana umri? Debora alihisi kama kamwagiwa maji. Lakini mdomo umezoea adabu, ukajibu wenyewe: "Marahaba."

Ungefikiri hapo angestuka akajiuliza. Wapi! Alinunua kufuli. Akamwita fundi, akachomelea vishikio kwenye mfuniko wa tangi, kufuli likaning'inia pale kama kwenye mlango wa duka. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Mara hii alikusudia kumaliza mambo: utingo abaki, yeye mwenyewe apande, aone dizeli inakwenda wapi. Malolo, tangi likiwa tupu, alimimina kwa mkono wake dizeli ya kufika Morogoro kwa kanuni ya Nikolaus, wala hakuzidisha.

"Bosi, haitatosha," Evarist akasema taratibu. "Tubebe na dumu moja la akiba."

"La kuuza njiani, Doma? Ikitosha, utaniambia nini?"

Evarist akabonyeza swichi.

Wakaondoka. Evarist, aliyekuwa haachi kuimba kwenye usukani, siku hiyo alitazama mbele tu, na kila kilima Debora alimsikia Mjeda akihangaika, gia ikishuka, injini ikilia. Walipopita Mikumi mjini alizisoma namba, akazikariri. Hawakusimama mahali. Wakaingia hifadhini, swala wakiwa pembeni ya lami wanatafuna nyasi bila habari na mtu. Walikuwa wamekaribia kutoka upande wa pili, kwenye mwinuko, injini ilipokohoa, ikakohoa tena, ikazima.

"Imekwisha," Evarist akasema.

"Haiwezekani!"

Mkono wa Debora ulikimbilia pindo la khanga. Ufunguo ulikuwepo. Hakusinzia, hakushuka, hakuondoa macho kwa huyu mtu tangu Malolo.

Evarist alichukua dumu tupu nyuma ya kiti. Ng'ambo ya barabara, si mbali, tembo walikuwa wakivunja matawi. "Kaa ndani, bosi. Usifungue mlango." Alisimama kando ya lami akipunga dumu, mtu peke yake mahali ambapo mtu haruhusiwi kushuka, mpaka lori moja likapunguza mwendo akadandia. Akatokomea.

Debora alibaki na namba zake. Na mbele ya kioo, pale walipokwamia, palikuwa na nguzo ya kilomita, ile fupi iliyopakwa rangi na kuandikwa namba. Ya Mikumi anaijua, anaipita kila siku. Akatoa namba ya moja kwenye ya nyingine. Akatazama dashibodi. Akarudia kwa vidole. Nguzo zilisema wamekwenda mbali kuliko dashibodi inavyosema, tena si kidogo.

Nguzo haitembei. Basi nini kinadanganya?

Alikumbuka anavyokwenda kanisani na bintiye mdogo, Anitha. Njia ni moja, lakini mtoto hatua zake ni nyingi na mama zake ni chache. Dashibodi haioni barabara, inahesabu gurudumu linavyozunguka. Gurudumu kubwa linazunguka mara chache. Kwa hiyo Mjeda alikuwa anakwenda, na namba hazimhesabii. Na juu ya hapo, uzito wa zile tairi ulikuwa unakunywa kweli, kama Evarist alivyosema siku ya kwanza, kwa mdomo ule ambao yeye aliambiwa asiusikilize. Nikolaus hakumdanganya. Alisema kweli, ila ni kweli ya tairi zile za zamani, na yeye Debora ndiye aliyezibadilisha kwa mikono yake.

Alilia humo ndani, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata msibani. Na hofu ikampanda: Evarist akipatwa na jambo huko, nitamwambia nini Gaudiosa?

Evarist alirudi jua limeanza kulegea, kateremka kwenye lori lililotoka upande wa Doma, dumu limejaa. Debora alifungua mlango kabla hajafika, akamnyooshea ufunguo.

"Fungua mwenyewe, bosi. Mimi hapo sigusi."

Akateremka, tembo wale wakiwa palepale, akajaribu ufunguo, kufuli likagoma mara ya kwanza na ya pili. Lilipofunguka, Evarist akainua dumu.

"Shemeji," Debora akasema, "hukuiba. Ni tairi. Namba zilinidanganya, na mimi nikakudhalilisha mbele za watu. Nisamehe, shemeji yangu."

Dizeli iliingia mpaka tone la mwisho. Evarist akafunga mfuniko, akajifuta mikono kwenye suruali, akamtazama bila hasira yoyote.

"Nimekusamehe, bosi."

Safari iliyofuata Malolo, Debora alilikata lile kufuli kwa msumeno, mbele ya wote, akalitupa korongoni. Akasimama juu ya gunia. Mwanamke yule hakuwahi kuomba radhi hadharani maishani mwake, na siku hiyo aliomba. "Sikilizeni! Evarist hakunyonya hata tone. Mimi ndiye niliyekosea. Ni tairi!" Akawaeleza habari ya gurudumu kubwa na dogo, ya nguzo na dashibodi, jasho likimtoka.

Wakatazamana. Hildegarda, mkubwa wa wachambuaji, akamshika mkono kwa huruma. "Ni shemeji yako, mama. Umefanya vizuri kumsitiri."

"Simsitiri! Nawaambia ni tairi!"

"Ndiyo, mama. Tairi limekunywa," akadakia mpakiaji mmoja, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hadi leo pale Malolo kitu kikiibwa watu husema tairi limekunywa.

Evarist alikuwa kasimama karibu na bodi ya lori, kayasikia yote. Mzigo ulipokwisha kufungwa alikuja mbele ya Debora, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, bosi."

"Usiniamkie hivyo, Evarist. Nakuomba. Nitanie. Nitukane basi, lakini usiniamkie hivyo."

Evarist alisimama vilevile, kofia mkononi, kama anavyosimama mtu yeyote mwenye adabu aliyemwamkia mkubwa na anangoja kuitikiwa. Wapakiaji walikuwa wanatazama. Vitunguu vilikuwa vinangoja, na mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milimani.

"Marahaba," Debora akasema.

Evarist akavaa kofia, akapanda, akabonyeza swichi.