Vikaango Saba vya Bwana Kikaango Kimoja

Tap! Kimya. Tap! Kimya kirefu kidogo. Tap!

Bomba lilikuwa linavuja gizani. Mapazia ya chumba kile yalikuwa mazito, yameshonwa makusudi yasipitishe hata uzi wa jua, maana taa za kupigia picha hazitaki mshindani. Saa mbili asubuhi, nje watu wameshaanza kutafuta kivuli, mle ndani ungedhani bado hakujapambazuka. Yule mama kijana alisimama mlangoni, ameshika kiganja cha bintiye wa miaka sita, akasikiliza. Tone halikuwa linaangukia sinki. Lilikuwa linaangukia chuma.

"Mama, nani anagonga?"

"Uvivu wa mtu, mwanangu."

Akawasha taa. Vilikuwa humohumo alimoviacha mwenyewe: vikaango saba, vyeusi, mipini myekundu, vyote vya ukubwa mmoja na vya duka moja, vimelaliana kwenye sinki na mafuta yameganda meupe pembezoni. Jana aliondoka mapema kuwahi darasa, akaomba viloweshwe tu maji. Kuviloweka tu. Hata hilo lilikuwa zito kwa mwenyewe.

Na huyo mwenyewe, mwenye vikaango saba, huko kwenye simu za watu anaitwa Kikaango Kimoja.

Alijibatiza mwenyewe jina hilo. Kila wiki hutokea kwenye video, meno yote nje, aproni nyeupe isiyowahi kukutana na tone la mafuta, akapaza sauti: "Kikaango kimoja! Mtu mmoja! Dakika kumi!" Na wapo wanaomwamini: wapangaji wa chumba kimoja, wanafunzi, wauguzi wanaotoka zamu, watu wanaokula peke yao na wangependa kula kitu cha maana. Wasichokijua ni kwamba kikaango cha kwanza kina soseji mbichi zilizopangwa kama maua. Cha pili kina soseji zilizoanza kubadilika rangi. Cha tatu kina kitunguu, cha nne maharage mabichi, na kuendelea hivyo hivyo, mpaka cha saba chenye chakula kilichoiva kweli, kilichopikwa na mama kijana tangu asubuhi. Video inakatwa na kuunganishwa. Kazi ya bwana ni kushika mpini, kutikisa mara mbili na kucheka. Siku moja alikata kitunguu kwa mgongo wa kisu mbele ya kamera, akahangaika nacho mpaka jasho likamtoka, na chini watu wakaandika, "Fundi!"

Mama kijana alimkalisha binti kwenye kreti ya soda nyuma ya meza, akampa daftari na penseli za rangi. Shule zilikuwa zimefungwa, na jirani anayemwangalia alikuwa amesafiri. Kisha akatoa kwenye mkoba fomu yake, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki isipate mkunjo, akaiweka juu ya friji mahali ambapo hata kipofu angeiona.

Fomu hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Mihula mitatu alikuwa amesoma upishi katika shule ya jioni, akisinzia kwenye dawati na kuamka na alama ya kalamu shavuni. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki ijayo. Lakini hakuna anayeingia mtihani bila mstari mmoja kujazwa na mwenye jiko anakofanyia kazi: *Je, mwanafunzi hupika mwenyewe?* Halafu saini. Jiko la hospitali moja lilikuwa limemwahidi nafasi akiwa na cheti. Akiukosa mtihani huu atasubiri mwaka mzima, na nafasi haitamsubiri. Leo ndiyo siku ya mwisho, na saa nne Mwalimu wake wa upishi angekuja mwenyewe kukagua.

Saa tatu Kikaango Kimoja akaingia, marashi yake yakiwa yamemtangulia kama msafara.

"Dada wa vyombo! Umeamkaje?"

"Salama, bosi. Ile fomu yangu."

"Fomu, fomu! Fomu inaliwa? Tutaishughulikia."

"Wiki mbili tunaishughulikia. Mwalimu anakuja saa nne."

Akaichukua, akaisoma midomo ikichezacheza. "Hupika mwenyewe... Hebu sikiliza, dada. Nikiandika kwamba wewe ndiye unayepika, mimi nitakuwa nafanya nini hapa?"

Swali zuri. Mama kijana alikuwa amejiuliza hilo miezi minane. Akalimeza.

"Utakuwa umeandika ukweli, bosi."

"Ukweli!" Akacheka kile kicheko chake cha kamera, japo kamera ilikuwa imezimwa. "Nitakuandikia 'anaosha vyombo kwa bidii.' Hiyo nayo si sifa?" Akairudisha fomu juu ya friji kama mtu anayerudisha nguo iliyombana dukani. "Haya, panga vitu. Saa tano naingia mubashara. Kuna mpuuzi ameandika eti nadanganya watu, eti nakata video. Leo hatukati! Soseji na mboga za kijani, chakula cha mtu mmoja. Wewe nipikie sahani moja, iweke hapo chini ya meza. Mimi nawasha moto, napiga stori, nainama hivi, nainuka na sahani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akageukia sinki. Akasugua. Hakuwa na haraka, hakuwa na kelele. Vikaango vyote saba akavisuuza, akavifuta, akavipanga mezani kwa mstari, vinang'aa kama vimetoka dukani sasa hivi.

"Tayari, bosi."

"Mbona vitupu?"

"Mwosha vyombo ameosha vyombo. Kwa bidii."

Bwana akamtazama, akavitazama vikaango, akamtazama tena. "Unanifanyia jeuri?"

"Jeuri gani? Nafuata ulichotaka kuandika."

"Kwani wewe unadhani mimi siwezi kuchemsha soseji?"

Mtu anayesema *kuchemsha* wakati kashika kikaango hajibiwi, anatazamwa. Mama kijana akavuta kiti, akakaa karibu na binti, akatazama.

Na kweli palikuwa na cha kutazama. Bwana aliwasha moto mpaka mwisho, akakiacha kikaango kitupu mpaka kikafuka, ndipo akamimina mafuta kama anayemwagilia bustani. Soseji akazitoa kwenye barafu zimeng'ang'aniana, akazitupa hivyo hivyo pacha wanne na barafu yao. Mafuta yakalipuka. Kikaango Kimoja, kipenzi cha maelfu, akaruka nyuma, akajikinga uso kwa mfuniko kama askari aliyeachwa na wenzake vitani. Pa! ikapasuka ya kwanza. Pa! ya pili. Nje zikawa mkaa, katikati bado zina barafu. Alipoona zinaungua akazimwagia jagi zima la maji, akarundika humo maharage mabichi na vikonyo vyake, spinachi na mizizi yake, akatia chumvi, akasahau kama ametia, akatia tena. Akafunika. Alipofunua, kijani chote kilikuwa kimehama. Kilichobaki kilifanana na maji yaliyofuliwa suruali ya mgambo.

"Inahitaji dakika mbili tu," akasema kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia, amechelewa nusu saa, anakohoa. Alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, aliyepikia mabweni miaka thelathini kabla hajaanza kufundisha. Akapunga moshi kwa mkoba.

"Pamekufa nini humu?"

"Karibu, Mwalimu," mama kijana akainuka. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akasogea jikoni, akavaa miwani, akachungulia. Akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena. "Nani kafanya hivi?"

Bwana akakohoa. "Haya ni majaribio, Mwalimu. Mimi ndiye mpishi hapa. Huyu dada ananisaidia vyombo."

"Ulikuwa unapika, bwana, au unalipiza kisasi?"

"Mwalimu, mimi watu wananijua!"

"Mimi sikujui. Simu yangu ni ya kupigia tu." Akavuta kiti, akakaa, kiti kikalia. "Mwanangu, nipikie nione. Kikaango kimoja, chakula cha mtu mmoja. Natazama saa."

Mama kijana akanawa mikono. Akachagua kimoja kati ya vile sita vilivyosalia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamsahau yule bwana kabisa, jambo ambalo bwana mwenyewe asingeliamini kama angeambiwa. Soseji mbili akazikata vipande vya mshazari. Akaziweka kwenye kikaango kisicho na mafuta, akatia vijiko vitatu vya maji, moto wa kati. Maji yakachemka, soseji zikaanza kutoa mafuta yake, maji yakakauka, na mlio wa jikoni ukabadilika wenyewe kutoka kububujika hadi kutatarika. Akazigeuza, rangi ya kahawia ikashika, akazisukuma pembeni. Kitunguu na kitunguu saumu vikaingia pale katikati penye mafuta. Maharage yaliyokatwa mafupi mafupi, maji kijiko kimoja, mfuniko. Akahesabu kimoyomoyo huku anaosha spinachi. Akafunua, mvuke ukapanda, kijani kilikuwa bado kijani. Akazima moto ndipo akatia spinachi, ikalegea kwa joto la kikaango peke yake. Ndimu. Chumvi hakugusa, soseji zilikuwa nayo ya kutosha.

"Dakika tisa," Mwalimu akasema.

"Ni rahisi hivyo," bwana akasema kwa unyonge. "Mimi nilitaka tu kuongeza ladha."

"Umeiongeza. Mpaka barabarani inasikika."

Mama kijana akapakua sahani moja. Mwalimu akaonja kijiko kimoja, akafumba macho, akaonja cha pili ambacho kanuni hazikukitaja, kisha akaisogeza sahani pembeni ya meza. Akaichukua fomu, akajaza sehemu yake kwa herufi kubwa za mwalimu, akainua kichwa.

"Mimi nimeona kwa macho yangu na nimeonja kwa ulimi wangu. Lakini ofisini hawataki ulimi wangu. Wanataka saini ya mwenye jiko."

Tap! likasema bomba.

Bwana alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika sita. Akatazama kile kikaango chake kilichokuwa bado kinafuka. Akatazama ile sahani, kijani na kahawia, inametameta chini ya taa zake mwenyewe. Akamvuta mama kijana kando ya friji, akashusha sauti.

"Dada yangu." Leo alikuwa dada yake, wa vyombo hakuwepo tena. "Niachie ile sahani. Uniachie tu, usiseme kitu. Natia saini sasa hivi."

Mama kijana akamtazama. Wiki mbili nzima, njiani na kitandani, alikuwa ameandaa hotuba ya kumwambia mtu huyu siku akichoka. Ilikuwa na sehemu ya vikaango, sehemu ya haya na soni, na mwisho wake ulikuwa mkali sana. Sasa huyu hapa mbele yake, masizi puani, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, macho yamenasa kwenye soseji mbili. Hotuba yote ikakosa mtu wa kuambiwa. Unamwambia nani? Aproni?

"Andika kwanza," akasema.

Akaandika. Mwalimu alimshikia karatasi isicheze. *Ndiyo. Hupika mwenyewe.* Kisha saini, yenye mikia miwili na duara, saini ya mtu aliyezoea kuombwa picha. Mwalimu akaupuliza wino, akaitia fomu mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Wiki ijayo, saa mbili kamili," akamwambia mama kijana. "Uje na kisu chako mwenyewe."

Mama kijana akaitikia kwa kichwa. Akageukia sinki, akafungua maji, akanawa uso ili machozi yapate kisingizio.

Bwana alikuwa tayari ameshajifuta pua, amebadilisha aproni, ameweka simu kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Taa nyekundu ikawaka.

"Wapendwa wangu!" Meno yote yakarudi nje. "Mnasema nadanganya? Leo mubashara! Kikaango kimoja! Mtu mmoja!" Akatikisa kikaango kitupu juu ya moto, akapiga stori, akaeleza kuhusu vijiko vitatu vya maji kana kwamba alizaliwa navyo. Mwalimu alisimama mlangoni, amekataa kuondoka. Hakutaka kupitwa.

"Na sasa... tazameni rangi hii!"

Akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, maana jicho lake lilikuwa kwake mwenyewe kwenye kioo cha simu, akaiinua sahani na kuisogeza karibu kabisa na kamera.

Sahani ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, na uma umelazwa katikati.

Mama kijana aligeuka, maji bado yanamdondoka kidevuni, akaelewa papo hapo. Nyumbani kwao chakula cha mtu mmoja kina mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kwenda darasani, hupika sahani moja, huiweka pembeni ya meza, husema yeye atakula huko huko shuleni, na anayekaa mbele ya sahani hiyo siku zote ni mmoja. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto kwamba zipo sahani za mtu mmoja ambazo si zake.

Binti akasimama juu ya kreti ili aonekane, akajifuta mdomo kwa mkono wa gauni, akamtazama bwana ambaye bado alikuwa ameishikilia sahani juu.

"Chakula nimekula mimi."