Geti la Watu Wengine

Mume wangu Sowedi anaweza kulala amesimama. Simkejeli, nimemwona kwa macho yangu: mgongo umenyooka, macho wazi, ukimsalimia anaitikia, kumbe mwenzako yuko usingizini zamani. Ulinzi ndio uliomfundisha. Analinda ghala huko Dubai Investments Park, zamu ya usiku, na kitanda chake kiko kwenye nyumba za wafanyakazi palepale nyuma ya ghala. Mimi niko Mirdif, namtunza Bi Kuruthum, mama wa Kiunguja aliyeletwa Dubai akiwa bibi harusi na sasa hainuki kitandani bila mkono wa mtu. Yeye ndiye aliyeninyoosha Kiswahili changu cha Jinja, kwa kunicheka. Tuko mji mmoja, mume na mke, na tunaonana kwa kubahatisha kama mwezi wa Idi.

Ndiyo maana safari ya Hatta, kule milimani, niliing'ang'ania. Si kwa ajili ya milima. Milima naiona kwenye simu za watu. Nilitaka kukaa na mume wangu mchana mzima, kila mmoja amtazame mwenzake, anipe jibu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mkataba wangu ulikuwa unaisha baada ya Idi, na Madam Kawthar, binti yake Bi Kuruthum, alitaka kujua mapema kama naongeza miaka miwili au naondoka, maana Ramadhani ilikuwa inabisha hodi na mama yake hawezi kuachwa bila mtu. "Jumapili jioni nitakupigia," aliniambia. "Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, sitakulaumu." Mimi na Sowedi tulikubaliana tangu tunapanda ndege Entebbe kwamba mikataba ikiisha tunarudi wote Bugembe, kwetu Jinja, kwa mtoto wetu Shafiq anayelelewa na mama yangu. Lakini kila nilipomuuliza kwenye simu kama ameshawaambia wakubwa wake wa kazini kwamba anaondoka, jibu lilikuwa moja: "Mama Shafiq, tutaongea tukionana." Miezi inapita, tutaongea tukionana. Subira yavuta heri, walisema wahenga, ila hawakusema mvutaji anabaki na mgongo wa namna gani.

Aliyepanga safari ni Rosette, dada yetu anayehudumu kwenye mgahawa mmoja Marina. Kila jambo la Waganda huku, la Wakristo na la Waislamu, harusi au msiba, yeye ndiye mbele. Alitafuta basi, akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp: "Yalla, watu wa nguvu! Hatta sasa hivi kuna tamasha, kuna muziki, kuna asali, hewa ya baridi kama Kabale. Ukibaki kitandani shauri yako!" Nilipomuomba ruhusa Bi Kuruthum alitabasamu. "Ndo rabii hiyo, mwanangu, majira ya majani. Mlima huvaa kijani siku chache tu, kisha jua likaunguza. Nenda kamtazame mumeo."

Basi Jumapili nikaamka kabla ya adhana, nikapika pilau, nikamwosha bibi, nikavaa gauni langu jipya la kitenge. Basi lilipofika kwao Dubai Investments Park, Sowedi akapanda akiwa na suruali nyeusi ya kazini, viatu vyeusi vya kazini na shati jeupe.

"Ndizo zilizokuwa safi," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyohiyo. Hatujafika hata barabara kuu, kichwa kikaanguka begani kwangu. Nilimwacha. Ningemwamshaje? Mtu mwenye macho mekundu vile humwamshi, unamhurumia. Mimi mwenyewe kope zilikuwa nzito, lakini nilijikaza, nikatazama mchanga ukigeuka kuwa kokoto, na kokoto zikigeuka kuwa milima.

Hatta ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyotangulia, na kati ya mawe ya kahawia majani yalikuwa yamechomoza, mafupi na laini. Mikunazi ilikuwa imezaa, watu wanaokota kunazi chini na kuzila. Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani kibichi, yamejaa mitumbwi ya plastiki ya manjano na myekundu. Upande mmoja jukwaa na ngoma za Kiarabu, upande mwingine vibanda vya asali na mikate, na juu kabisa vijana wanateremka mlima kwa baiskeli kama waliofukuzwa na nyuki. Familia zimetandika mazulia, moshi wa nyama kila mahali. Nilijiona nimechangamka kidogo.

Nikatandika mkeka chini ya mkunazi, mbali kidogo na wenzetu. Nikampakulia. Alikula matonge mawili matatu.

"Baba Shafiq," nikasema, "leo jioni madam ananipigia."

"Najua."

"Nimwambie nini?"

Akatazama maji. Akatazama sahani. "Ngoja nikalete maji ya kunywa," akasema, "hili pilau linataka maji." Akainuka, akajifuta mikono, akaenda.

Hakurudi. Pilau likapoa, nzi wakalikaribia, nikalifunika. Mwanzoni nilidhani kuna foleni. Baadaye nikadhani amelala mahali. Nikaanza kupandwa na hasira ile ya mtu aliyechoka, ambayo haina nguvu ya kupiga kelele, inakukaa tu kifuani. Rosette alinikuta hivyo, akanishika mkono.

"Nyabo, umekuja kulinda sufuria? Twende kwenye maji! Ukirudi Mirdif utasimulia nini, pilau?"

Nikaenda kwa kukosa la kufanya. Tukavalishwa makoti ya kuelea, tukaingia kwenye mtumbwi mmoja, yeye mbele, mimi nyuma. Mwanzoni tulizunguka palepale huku Rosette akimwita Yesu. Kisha tukapata mdundo, tukasogea mpaka katikati, kelele za jukwaa zikabaki nyuma. Maji yalikuwa baridi. Niliingiza mkono ndani nikauacha hapo. Hakuna aliyeniita wala aliyetaka kugeuzwa ubavu au kunyweshwa dawa. Nilitamani kulia, na sikuwa na huzuni yoyote, ni kupumzika tu kulikonishangaza.

Nikageuza uso kutazama ufukoni, ndipo nilipomwona.

Sowedi alikuwa amesimama kwenye geti la kuingilia gatini, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma. Anawaelekeza watu. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto anamuuliza kitu, yeye ananyoosha mkono kulia. Wanaume wawili wanataka kupita bila tikiti, yeye anatikisa kichwa kwa heshima, wanarudi. Siku yake ya mapumziko, na mke wake yuko ndani ya mtumbwi!

"Rosette, geuza," nikasema.

"Kuna nini?"

"Geuza tu."

Nilifika pale na gauni limelowa hadi magotini. Ukiwauliza walinzi watakwambia wana desturi ya kushikiana geti. Mlinzi akiacha lindo tupu anapoteza kazi, kwa hiyo akibanwa na haja au njaa humtafuta mlinzi mwenzake, wa kampuni yoyote, wa nchi yoyote, amshikie. Wanatambuana kwa viatu. Mwenye kuombwa hakatai, maana kesho atakuwa yeye. Desturi nzuri, lakini anayeshikiwa huwa anarudi baada ya dakika chache. Huyu wa Hatta alikuwa ndiyo kwanza anarudi, anatafuna, na sahani ya biriani mkononi. Mkenya, kitambulisho kifuani kimeandikwa Japhet.

"Aki pole sana, mzee, umeniokoa," akamwambia Sowedi. "Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na supervisor hataki kuskia." Akaniona ninavyotweta. "Huyu ndiye madam wako?"

"Ndiye mama watoto," Sowedi akasema, bila kunitazama.

"Shemeji, karibu! Huyu mzee ni mtu poa, si wewe una bahati? Na hongera kwa ile maneno ya contract. Miaka miwili tena, na mshahara wameongeza! Sisi huku tunangoja tu, inshallah."

Swali la kwanza la walinzi wakikutana, hata kabla ya jina, ni mkataba wako unaisha lini. Japhet aliuliza kama anavyouliza kila mtu, na Sowedi akamjibu. Mgeni aliyekutana naye mchana huu alijua kile nilichokuwa nauliza miezi yote.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wangu ulikuwa umechoka. Nilitembea kwenda kwenye mawe pembezoni mwa maji, nikakaa. Alinifuata.

"Ulisaini lini?"

"Kabla ya mwaka mpya."

"Na ulikuwa unaniambia tutaongea tukionana."

"Nilitaka nikuambie ana kwa ana."

"Tumekutana mara ngapi tangu mwaka mpya, Baba Shafiq?"

Akakaa jiwe la pili, mbali kama mtu asiye na uhakika kama amekaribishwa. "Supervisor alikuja na karatasi, akasimama," akasema. "Wote walikuwa wanasaini. Akanipa kalamu. Nilikuwa natoka zamu, Fauziya, nilikuwa nimechoka. Sikujua kusema hapana. Halafu nikasaini, nikaona afadhali. Nikirudi Bugembe mimi ni nani? Hapa angalau mtu akifika getini lazima aniulize."

"Na mimi je? Ulifikiri nitafanya nini?"

"Nilijua utaongeza. Kwa wale watu unakaa vizuri."

Hapo ndipo paliponiuma. Saini yake ningeweza kuimeza; mtu amechoka, kalamu iko mbele yake, naelewa. Lakini alikuwa ameniwekea saini na mimi, kichwani mwake, bila hata kuniuliza, halafu akaja Hatta kutafuta geti la watu wengine ajifiche. Nilimpenda na nilimchukia, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikuwa na nguvu ya kuyatenganisha.

Simu ikalia. Madam Kawthar.

"Fauziya, mwanangu, mnastarehe huko?"

"Tunastarehe, madam."

"Mama ananiuliza kutwa nzima. Umeamuaje?"

Sowedi alinitazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa macho kabisa. Alitikisa kichwa taratibu, akiniomba nisubiri, nadhani, au niseme ndiyo. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga makofi, mashindano ya mitumbwi yameanza.

"Sitaongeza, madam," nikasema. "Idi ikipita nitaondoka. Niombee radhi kwa Bi Kuruthum, nitamweleza mwenyewe."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kuliko nilivyostahili. "Mwenyezi Mungu akuwekee heri. Mumeo amekubali?"

"Yuko hapa," nikajibu, tukaagana.

Sowedi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsikia akivuta pumzi, akiitafuta sentensi. Niliisubiri, kwa kweli niliisubiri. Lau angesema nitaivunja ile karatasi, au hata angesema usiende, ningemsikiliza.

"Shafiq utamwambia nini?" akauliza.

"Nitamwambia baba yake yuko kazini," nikasema. "Hilo analijua. Ameshazoea."

Akaanza kulia. Sijawahi kumwona Sowedi akilia, hata alipozikwa baba yake. Alilia bila sauti, viganja juu ya magoti ya suruali yake ya kazini, na mimi nilitaka kumshika. Mikono ilikuwa mizito. Nikakaa kwenye jiwe langu nikimtazama, mpaka alipomaliza.