Wahasibu Wasioridhika

Mimi si mtu wa kulia ofisini, lakini asubuhi ile machozi yalinilenga kwa hasira. Meneja mpya, aliyeletwa na makao makuu kutoka ng'ambo, alituita sisi wahasibu wanne akatuambia idara yetu inafungwa. Kazi yote itahamishiwa kwao.

"Naona mna huzuni sana hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Sitaki kuwatesa."

Huzuni? Kwani nani kafiwa?

Akatuonyesha fomu tulizojaza wiki iliyopita. Swali lilikuwa moja: Je, umeridhika na kazi yako? Sote wanne tulijibu hapana. Wahasibu wa kwao, alisema, walijibu ndiyo, tena wote.

Babu Kalamu, mwenzetu anayestaafu mwakani, akanikanyaga chini ya meza ninyamaze. Ng'o! Miaka kumi na tisa nafunga vitabu bila doa, leo nifungiwe mlango kwa neno moja?

"Bosi," nikasema, "mhasibu akiridhika, kalala huyo. Aliyeridhika harudii kukagua. Mimi nikimaliza ukurasa naurudia kama mama mkwe anavyokagua sufuria za mkwewe."

Wenzangu wakaangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Kwetu, asiyeridhika hutafuta kazi nyingine," alisema. "Kazi inakusaidia kuishi. Jioni ukitoka, unaisahau."

"Si vibaya, kuna raha yake. Lakini mtaani kwetu wanangu wanaitwa watoto wa Mama Hesabu. Mimi nitaisahau vipi?"

Akazitazama zile fomu upya, moja baada ya nyingine. Nilijua sasa ananisikia.

"Basi niwaandikie nini makao makuu? Ninyi ni wafanyakazi wa namna gani?"

"Waandikie kwamba sisi si wafanyakazi tu. Sisi ni wenye kazi."

Nililitamka kwa fahari. Babu Kalamu, yule yule aliyenikanyaga, akapiga meza: "Umenena, mama!"

Meneja akainama, akaandika polepole, kisha akatugeuzia barua tuione. Alikuwa ametuombea idara ibaki, kwa sababu hawa, aliandika, akiyaacha maneno yangu kwa Kiswahili, ni "wenye kasi."

Nikaikata ile s, nikaweka z. Nikaisoma barua mara ya pili, na ya tatu, ndipo nikamruhusu aitume. Mpaka leo tupo.