Sisimizi Penye Ua wa Kuogea

Mwaka 1964, waasi walipofunga njia ya magharibi, sukari iliadimika Butembo kama habari za kuaminika. Mariette alifungia kopo lake sandukuni, na kila asubuhi alilipima kwa macho.

Jokébed, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi saba. Muwasho wa ukeni, pamoja na uchafu mweupe mzito, ulikuwa umemrudia kwa mara ya tatu. Mara mbili alipakwa dawa ya zambarau zahanati, akapona. Mumewe Mathe, mchuuzi wa maharagwe, alikwisha kutamka: ukirudi tena, atamrudisha kwa baba yake, maana ugonjwa wa mahali pale hauji wenyewe. Furushi la vitenge vya Jokébed lilikuwa limefungwa tayari, likimngoja Mathe arejee jioni. Jokébed naye alikuwa na hesabu yake. Mathe hulala Kanyabayonga siku nne kila safari, na hakuna maharagwe yanayopakiwa siku nne. Tena, alipoulizwa kama ana mwanamke huko, aliapa upesi mno.

Asubuhi hiyo Mariette aliona msafara wa sisimizi ukiingia ndani ya ua wa kuogea.

“Jokébed, kuya hapa. Hii sisimizi inafuata nini?”

“Sijue, mama.”

“Unajua. Unakulaka sukari yangu huku, kisha unanawa kinywa. Mais ulisahau kunawisha chini.”

“Kopo imepunguka?”

“Hapana. Ndiyo maana nashangaa. Unaniiba, na haipunguke.”

Mariette aliandamana naye hadi zahanati, ili mwizi akaripotiwe kwa mtu wa serikali. Muuguzi Octave, aliyeletwa kutoka Kasai, hakuwa na desturi ya kumwamini yeyote. Aliwasikiliza wote wawili bila kuinua uso.

“Unakojoa wapi?” alimuuliza Jokébed.

“Pale pale, mu ua.”

“Kiu?”

“Mutungi nzima mbele ya saa sita.”

“Na unakunywa nini ingine?”

“Maji ya ndizi mbivu,” Mariette alidakia. “Miye mwenyewe namukamulia kila siku, apate nguvu.”

Octave alitia matone ya mkojo wa Jokébed katika dawa ya buluu, akaichemsha. Ikawa kijani, kisha rangi ya tofali.

“Sukari iko mu mukojo. Mimba ingine inafanya vile: damu inajaa sukari, na ile kuvu ya muwasho inaipenda. Inarudi hata kama hakuna mutu anaileta.”

“Na yako?” Mariette aliuliza. “Pengine dawa yako inageukaka kwa kila mutu.”

Octave alitia mkojo wake mwenyewe katika dawa ile ile, akaichemsha. Ikabaki buluu. Mariette akadai na wake. Buluu.

“Donc, Mathe hana kosa?” Jokébed aliuliza.

“Hii dawa haijue Kanyabayonga, madame. Acha maji ya ndizi. Kesho urudi na njaa, mbele ya kula, tupime damu. Mara moja hainitoshe. Na utazalia hospitali, mutoto anaweza kuwa mukubwa sana.”

Jioni Mathe alifika, akasimama mbele ya furushi.

“Imerudi?”

“Imerudi,” mama yake alijibu. “Ni sukari ya damu. Jokébed hatoke hapa.”

Mathe alitazama chini. Jokébed alimtazama yeye, wala hakumwondolea macho.

Mariette alipiga magoti akafungua furushi mwenyewe. Alitoa kitenge kimoja kimoja, akikirudisha katika sanduku la Jokébed; lakini kabla ya kukiweka, alikikung’uta na kupapasa pindo zake zote nne, akitafuta sukari.